Matroni Aliyehesabu kwa Kokwa za Tende

Matroni hakupenda mbio. Alisema hivyo mbele ya kila mtu, hata mbele ya kocha, hata mbele ya wageni waliokuja kuitazama timu ya chuo ikifanya mazoezi. "Mtu mzima anazunguka mpaka anatapika," alikuwa akisema, "na akimaliza bado yuko uwanjani pale pale. Mimi hilo silielewi." Lakini katika miaka mitatu niliyofanya kazi pale sikumbuki siku moja ya mazoezi ambayo hakuja. Alikuja kabla ya kocha, akiwa na baibui jeusi na raba nyeupe za michezo, chupa ya chai kwapani, akakaa kwenye kiti chake cha plastiki karibu na mstari wa kumalizia na kuanza kulalamika.

Niseme kwanza kazi yake, maana hata mimi ilinichukua muda kuijua. Chuo kile cha Dubai kilikuwa na ofisi ya kuwasaidia wanafunzi wanamichezo, na yeye ndiye aliyeisimamia. Alihakikisha wanakwenda darasani, wanakula, wanalala, wanatibiwa wakiumia, na karatasi zao za viza haziishi muda bila mtu kujua. Wanafunzi wa Kenya na Tanzania, waliozoea shule za bweni, ndio walioanza kumwita Matroni. Jina likasambaa kwa Wasudani, Wahindi na Wafilipino, mpaka kocha naye akalitumia. Mwenyewe alizungumza Kiswahili cha Unguja, kile cha nyumbani kabisa, na akikasirika alichanganya na Kiarabu.

Mimi nilikuwa mfanya usafi. Kampuni ilitulaza kwenye kambi ya Al Quoz na basi lilitushusha chuoni asubuhi. Nilifagia mchanga kwenye njia za kukimbilia, nilifua jezi, nilibeba viunzi vya kuruka na kuvirudisha stoo. Nilitoka Singida na darasa la saba langu. Sikuwa mtu wa kuongea. Mtu akiniuliza swali mbele ya watu, jibu lilikuja kichwani likaishia kooni. Matroni aliligundua hilo siku ya kwanza, akaniita "bubu wangu." Aliita kwa sauti kubwa kutoka upande wa pili wa uwanja: "Bubu wangu! Njoo uniondolee paka huyu!" Na mimi nilikwenda. Sikujua kama ananipenda au ananidhihaki. Sijui hadi leo, ila jina lenyewe nililizoea.

Timu ile ilikuwa na desturi zake na nyingi zilitoka kwake, ingawa akiulizwa alikana. Moja ilikuwa ya kifungua kinywa cha Ijumaa. Baada ya mazoezi, mikeka ilitandikwa chini ya jukwaa, ikaletwa mikate, mayai, maharage na tende. Aliyemaliza wa mwisho ndiye aliyepakuliwa kwanza, tena kwa mkono wa Matroni mwenyewe. Aliyeshinda alipakuliwa mwisho, akala kilichobaki. Mwaka mmoja vijana wawili wenye njaa walianza kujikokota makusudi mzunguko wa mwisho, kila mmoja akimwambia mwenzake apite. Matroni aliwatazama wakija kama kobe.

"Nyinyi wawili," akasema, "leo mtakula baada ya paka wa jukwaani. Na paka mwenyewe hana haraka."

Nilimuuliza msichana mmoja wa Kenya, Jeruto, sababu ya desturi ile. Jeruto alikuwa mkimbiaji bora wa mbio ndefu pale chuoni, na alikuwa mmoja wa wachache niliowazoea kidogo, kwa kuwa jezi yake niliifua mara nyingi kuliko za wengine. "Hata sisi hatujui, bro," akajibu. "Tulikuta hivyo." Siku moja nikajikaza nikamuuliza Matroni. Hakunitazama. "Wa kwanza keshashiba," akasema, akaendelea kumenya yai.

Desturi nyingine ilikuwa ya ufagio. Siku ya mazoezi ya mwisho ya mwaka wa masomo, wanafunzi wanaohitimu walikuja kuchukua ufagio wangu, na kila mmoja alifagia mzunguko mmoja mzima wa uwanja. Wengine walikuwa watoto wa matajiri, hawajawahi kushika ufagio. Kulikuwa na mrukaji mmoja mrefu aliyeushika kama anaogopa utamng'ata. Matroni alitembea nyuma yake hatua kwa hatua. "Hapo bado. Hapo pia bado. Huo mchanga unamwachia nani, mama yako?" Na walipomaliza walilia, wakakumbatiana, wakapiga picha na ufagio. Mimi nilisimama kando nikingoja kurudishiwa. Niliushika ufagio ule kila siku na hakuna aliyewahi kulia. Nilifurahi na niliumia kidogo, vyote kwa pamoja, na sikujua kwa nini.

Ya tatu ndiyo iliyonigusa mimi. Kila aliyekanyaga uwanja siku ya mazoezi lazima akae saa moja kwenye chumba cha kujisomea, awe ameshinda, awe ameumia, awe na mgeni anayemsubiri nje. Matroni alikaa mlangoni na daftari la mahudhurio. Siku moja nilikuwa nafuta meza mle ndani, akanitazama kwa muda.

"Wewe leo hukukanyaga uwanja?"

"Nilifagia tu, Matroni."

"Ulifagia ukiwa unaruka hewani? Kaa."

Nikakaa nyuma kabisa. Akanipa daftari na kalamu, akaniambia ninakili majina ya wanamichezo wote. Kesho yake ninakili tena na niongeze kila mmoja anasoma nini. Baadaye akataka niandike nilichoona uwanjani siku ile, mistari mitano. Mkono wangu ulikuwa mzito. Wenzangu walimaliza ukurasa nikiwa kwenye neno la tatu. "Andika polepole," alisema. "Hakuna anayekukimbiza. Wanaokimbizwa ni hawa." Msimamizi wangu wa kampuni alipokuja kuuliza kwa nini niko darasani saa za kazi, Matroni alimjibu kwamba nipo kazini, nafuta meza kutoka upande wa chini.

Alikuwa na mambo mengi yasiyopatana. Aliwakataza wanamichezo sukari, halafu chai yake alitia vijiko vinne mbele yao. Aliwahubiria kuhusu usingizi, naye alisinzia kwenye kiti, kidevu kifuani, na ukidhani amelala alisema, "Mguu wa kushoto huo unaburuza." Hakuwahi kuwadanganya walimu wa chuo. Mwanafunzi akikosa mtihani kwa uzembe na kutaka aandikiwe kuwa alikuwa mashindanoni, alimfukuza ofisini. Lakini wazazi aliwadanganya bila haya. Nilimsikia akizungumza kwenye simu na baba wa kijana aliyeshika mkia siku ile: "Mwanao kakimbia vyema sana, mashaallah, watu wote wamemtazama." Alipokata simu akaniona nimesimama. "Nimesema uongo?" akauliza. "Wamemtazama. Alikuwa peke yake uwanjani, wangemtazama nani tena?"

Siku za mashindano yaliyofanyika kwetu alipewa kazi ya kuhesabu mizunguko na kupiga kengele. Kwa asiyejua, mbio ndefu za uwanjani huwa na mizunguko mingi, na mkimbiaji aliyechoka hawezi kuhesabu mwenyewe. Kwa hiyo kwenye mstari wa kumalizia huwekwa ubao wenye kurasa ngumu za plastiki zenye namba, zinazoonyesha mizunguko iliyobaki, na unapobaki mmoja kengele hupigwa. Hapo ndipo kila mtu hutoa nguvu aliyoficha. Matroni alihesabu kwa kokwa za tende. Alianza na kokwa kumi na mbili kiganjani, na kila kiongozi wa mbio alipopita aliangusha moja kwenye kopo. Ikibaki moja mkononi, alipiga kengele. Makarani wengine walikuwa na karatasi na saa, wakamcheka, lakini kila walipobishana wao kwa wao walimgeukia na kumuuliza amebaki na ngapi. "Hawa wanahesabu kwa macho," aliniambia. "Macho husinzia. Mkono hausinzii."

Na kuzigeuza kurasa za ubao akanipa mimi. Sijui kwa nini alinichagua. Kulikuwa na wanafunzi waliotaka. Alisema tu, "Bubu wangu atageuza. Yeye hana wa kuzungumza naye akasahau." Niliipenda kazi ile kuliko zote nilizowahi kufanya. Watu mia wanatazama namba uliyoigeuza wewe, na huhitaji kusema neno. Ndipo Jeruto alipoanza kuniita Ubao.

Sasa nifike kwa Jeruto. Alikuwa chuoni kwa ufadhili wa michezo. Kwao hawakuwa na uwezo wa kulipa hata muhula mmoja, na ufadhili wenyewe ulikuwa na sharti: mwaka ule lazima awe kati ya watatu wa kwanza kwenye mashindano ya vyuo, mbio za mita elfu tano. Asipopata, ufadhili unakatwa na anarudi nyumbani bila shahada. Alikuwa mwaka wa tatu. Sote tulijua, maana alisema kila siku. Alikuwa akinipa jezi yake na kusema, "Ioshe vizuri, Ubao, hiyo ndiyo karo yangu."

Wiki mbili kabla ya mashindano mguu wake ulianza kuuma kwenye muundi. Mtaalamu wa viungo akamwambia apumzike. Jeruto akaufunga bandeji na kuendelea. Matroni alimkuta kwenye chumba cha jezi akiufungua, mimi nikikunja taulo, na wakagombana.

"Mfupa ukipasuka hutakimbia tena, wala hutatembea vizuri," Matroni akasema. "Niachie mimi nikazungumze nao ofisini wakupe mwaka mwingine."

"Aki Matroni, hawatanipa. Unajua hawatanipa."

"Hujaomba."

"Mimi sikuja huku kuomba. Nilikuja kukimbia."

"Basi sikiliza. Ningekuwa na uwezo ningekutoa kwenye mbio hizo kwa mkono wangu huu."

Jeruto akacheka, akavaa kiatu. "Na hiyo mkono ya kushika chai?" Matroni naye akacheka. Lakini nilimwona akiendelea kuutazama mguu ule wakati msichana anatoka.

Siku ya mashindano, pale uwanjani kwetu, kulikuwa na ukungu. Miezi ya baridi Dubai hupata asubuhi kama hizo, kila kitu kinalowa kama kimenyeshewa. Nilikuwa nimeufuta ubao, lakini sikuzifungua kurasa moja moja kuzikausha. Hilo ndilo kosa langu, na naliandika hapa kama lilivyokuwa.

Mbio zilianza. Kumi na mbili, kumi na moja, kumi. Jeruto alikuwa wa pili, kisha akashika uongozi. Kila alipopita niligeuza, na nyuma yangu nilisikia kokwa ikianguka kwenye kopo. Ilipofika tano, alipita, nikasubiri arudi, nikageuza ili ije nne. Ikaja tatu. Sikuona. Nilikuwa namtazama Jeruto, mguu wake. Alipopita tena nikageuza ikaja mbili, na hapo nilihisi kwa vidole kwamba kurasa zilizolala upande wa nyuma ni nene. Tano na nne zilikuwa zimegandana kwa ule unyevu. Tulikuwa tumeruka mzunguko mzima.

Nilijua. Nilikuwa na muda wa mzunguko mzima wa kusema. Ningeweza kurudisha ukurasa mmoja nyuma, au kugeuka na kumwambia Matroni aliyekuwa hatua mbili kutoka kwangu. Maneno yalikuja yakakwama pale pale yanapokwama siku zote. Nikafikiri pengine nimekosea mimi kuhisi. Nikafikiri yeye ana kokwa zake, zitamwambia. Jeruto akatokea kwenye kona, na mkono wangu, sijui kwa nini, ukageuza. Ikaja moja.

Nikamtazama Matroni. Kiganja chake kilikuwa wazi, na kokwa zilikuwa mbili. Alizitazama, akautazama ubao, kisha akanitazama mimi. Nikatazama chini.

Akapiga kengele.

Jeruto aliposikia kengele aliondoka kama ametoka kupumzika. Aliwaacha wenzake nusu ya uwanja. Watu walisimama wakapiga kelele, hata waliotoka vyuo vingine. Alivuka mstari, akainua mikono, akaanguka kwenye nyasi. Na makarani wenye karatasi wakaanza kupiga kelele kwamba bado mmoja. Wasichana waliokuwa nyuma, ambao makocha wao walihesabu kutoka jukwaani, walimpita wakiendelea. Jeruto alichelewa kuelewa. Alipoinuka, mguu ulikuwa umekaza. Aliumaliza mzunguko ule akichechemea, akawa wa tano.

Refa mkuu akaja na kuuliza kwa Kiingereza nani aliyepiga kengele.

"Mimi," Matroni akasema.

"Kwa nini?"

"Nimehesabu vibaya."

Nilikuwa nimesimama pale pale na ubao wangu. Refa hakunitazama, maana kwao mgeuza ubao hufuata hesabu ya mpiga kengele. Matroni alikuwa ameufunga mkono wenye kokwa, akautia mfukoni.

Jeruto alikuja akiwa ameshikiliwa na wenzake wawili. Hakulia. Alisema kwa sauti ya chini, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Ulisema utanitoa kwa hii mbio kwa mkono yako. Si umenitoa? Haya, furahi sasa."

Nilidhani Matroni atajibu. Alikuwa mtu wa kujibu kila kitu. Alimtazama tu mguuni, kisha akamwambia mtaalamu wa viungo alete barafu.

Siku tatu baadaye, saa ya kujisomea, chumba kilikuwa na watu wachache na Jeruto hakuwepo. Matroni alikuwa anaandika barua kwa kamati ya ufadhili. Aliiandika mara tatu, akichana. Ya nne akaniita mezani, akanisomea kwa Kiswahili alichoandika kwa Kiingereza: kwamba mwanafunzi alikuwa wa kwanza mpaka kengele ilipopigwa kimakosa, kwamba kosa ni la mpiga kengele peke yake, kwamba si haki mwanafunzi apoteze masomo kwa kosa la mtumishi wa chuo. Chini aliandika jina lake. Kisha akaweka kalamu.

"Una la kuongeza?"

Niliiona kalamu. Niliuona mlango. Nilimfikiria msimamizi wa kampuni, na tiketi ya kurudi Singida, na mama yangu aliyekuwa anajenga chumba cha pili.

"Sina, Matroni."

"Haya," akasema. Akaikunja barua.

Kamati ikakubali. Jeruto akaachiwa ufadhili mpaka mwaka wa mwisho, mguu ukapumzishwa, ukapona. Matroni naye akaambiwa asiguse tena kazi yoyote ya uwanjani. Kiti chake cha plastiki nilikirudisha stoo mimi mwenyewe. Ijumaa chakula kilipakuliwa na kocha, ambaye alisahau ni nani wa mwisho na akaanza na aliye karibu. Muhula ulipoisha Matroni aliacha kazi. Hapakuwa na sherehe. Mwaka wa kuhitimu kwake, Jeruto alifagia mzunguko wake vizuri kuliko wote niliowaona, na hakumtaja Matroni.

Mimi na Jeruto tuliendelea kuwasiliana. Alipata kazi ya uhasibu Abu Dhabi. Sikukuu alinitumia salamu, mara nyingine alipiga, na karibu kila mara alifika pale pale: "Unamkumbuka yule mama alitaka kunimaliza?" Nami nilijibu, "Namkumbuka." Neno hilo moja nililisema kwa miaka minne. Halikuwa uongo. Lakini nikikata simu nilikaa kitandani nikijiuliza lile jambo ambalo sikulielewa. Ubao niliukosea mimi, hilo nalijua. Lakini yeye alikuwa na hesabu sahihi mkononi. Aliiona. Kwa nini alipiga? Siku moja nilisema aliniamini. Siku nyingine nilisema Jeruto ana haki, alitaka kumtoa ili mguu usivunjike. Siku nyingine nilijiona kama mwizi anayetafuta mtu wa kugawana naye kosa.

Kampuni ilinihamishia duka kubwa la vyakula huko Mirdif, kupanga bidhaa kwenye rafu. Alasiri moja nilikuwa napanga makopo ya nyanya, nikasikia mtu anagombana na limau. "Limau gani hili, jiwe tupu." Sikuhitaji kugeuka.

Alikuwa amekonda. Alisukuma kitoroli akikiegemea kama mkongojo. Raba nyeupe bado.

"Shikamoo, Matroni."

"Marahaba." Akanitazama. "Nani weye?"

"Mimi wa ubao."

"Eeh! Bubu wangu! Umeota ndevu! Sema, hujambo? Umeoa?"

"Bado."

"Utaoaje na hutongozi? Utamgeuzia namba?" Akacheka mpaka akakohoa. Akaniambia anaishi na binti yake mtaa wa nyuma, hana la kufanya, anakuja kugombana na matunda.

Nilijua kwamba nikimwacha aende mpaka kwenye mizani sitasema tena. "Matroni," nikasema, "siku ile ya kengele, ubao niliukosea mimi. Kurasa ziligandana."

"Najua."

"Ulijua?"

"Jioni ile ile. Nilikwenda stoo nikaufungua. Tano na nne zimeshikana kama mkate wa jana."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuuliza una la kuongeza, ukasema huna. Nikasema basi, mwana wa watu anaogopa kurudishwa kwao. Na wangekurudisha, usidhani. Mimi wangenifanya nini? Wameninyang'anya kiti cha plastiki."

Nikamuuliza lile lingine. Nilimwambia niliziona kokwa mbili.

 Alichukua limau, akalirudisha. "Nilikutazama, ukatazama chini," akasema. "Nikajiambia huyu hajawahi kukosea, mimi mtu mzima nimechoka, labda moja sikuiangusha. Nikaamini kazi yako kuliko mkono wangu. Hivyo ndivyo ninavyojiambia. Lakini ziko siku nasema, pengine ule mguu nao ulinisukuma. Nilipoliona lile bandeji linakuja kwenye kona... Wallahi, mwanangu, sijui. Ningejua ningekwambia."

Nilikuwa nimengoja miaka minne nisikie kwamba yeye anajua.

"Sasa," akasema, na sauti ikawa ile ya mlangoni na daftari la mahudhurio. "Umeniambia mimi niliyejua. Yeye umemwambia?"

"Bado."

"Namba yake unayo?"

"Ninayo."

"Mimi alinifungia simu siku nyingi. Piga."

"Niko kazini, Matroni."

"Uko kazini, unahudumia mteja. Piga."

Nikapiga. Jeruto akapokea kwa furaha. "Sema, Ubao! Leo umepiga wewe mwenyewe, kwani kuna nini?"

Nilimwambia. Nilianza na ukungu, nikaenda kwenye kurasa, mzunguko niliokaa kimya, barua, kalamu. Nilisema polepole, kama ninavyoandika. Matroni alijifanya anachagua vitunguu, lakini alichukua kimoja hicho hicho mara tatu. 

"Miaka yote hiyo?" Jeruto akasema. "Mimi nakuambia huyo mama alinimaliza, na wewe unaniambia tu namkumbuka?"

"Naomba unisamehe."

"Usiniombe saa hii. Bado nimekukasirikia." Akavuta pumzi. "Na yeye ndio aliandika hiyo barua, na akaacha nimtukane?"

"Ndiyo."

"Na mbona unaniambia leo? Mko naye?"

"Yuko hapa."

 "Mpe simu."

Nikamnyooshea. Matroni akatikisa kichwa, akafuta mikono kwenye baibui ijapokuwa ilikuwa mikavu, akaipokea kwa mikono miwili. "Haloo," akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, ndogo. Halafu akaanza kutembea. Alipita mafriji ya maziwa, akapinda kwenye rafu za sabuni, akapotea. Mimi nikabaki na kitoroli chake katikati ya njia. Watu waliniomba nisogee, nikasogea, nikarudi. Msimamizi alipita akaniuliza nafanya nini, nikasema namsaidia mteja. Sikusikia neno hata moja la mazungumzo yao, na nilijaribu kukisia mpaka nikachoka.

Alirudi akiwa ameushika mtandio mkononi. Macho yalikuwa mekundu na mdomo ulikuwa unataka kucheka, na sikuweza kusema lipi lilikuwa la kweli. Akanirudishia simu, ilikuwa ya moto.

"Salio lako limekwisha," akasema, "na mwenzio hajamaliza kunitukana. Yalla, bubu wangu, twende ukaongeze."